Faida na Hasara za Mafuta ya Ardhini katika Visiwa vya Bajuni

Wasomaji wengi wakisikia habari za mafuta ya ardhini hufikiri mara moja nchi za Uarabuni au Marekani. Lakini jambo hili latuhusu hata sisi watu wa pwani. Nitalieleza kwa kutazama visiwa vya Bajuni, vilivyopangana kutoka Kismayu kwenda kusini mpaka karibu na mpaka wa Kenya. Huko viko Koyama, Chovai na Chula, na wenyeji wengi ni wavuvi na mabaharia.

Kwanza yafaa tujue mafuta ni nini. Viumbe vidogo vya baharini na mimea iliyokufa mamilioni ya miaka iliyopita vilifunikwa na matope, vikashindiliwa na kupata joto chini ya ardhi, hata vikageuka kuwa mafuta, gesi na makaa ya mawe. Akiba hiyo ikiisha, hatutapata nyingine.

Sasa tutazame faida. Zamani chombo cha Mbajuni kilikwenda kwa tanga. Kaskazi ilimpeleka kusini na kusi ikamrudisha. Upepo ukifa, alipiga kasia au alingoja. Injini imeondoa kungoja huko. Mvuvi huweza kufika Kismayu samaki wakiwa bado wabichi, na mgonjwa wa kisiwani huvushwa hata siku isiyo na upepo. Mjini mitambo ya dizeli hutoa umeme, na kwa umeme hupatikana barafu ya kuhifadhia samaki.

Tena gesi ya kupikia huokoa miti. Tukumbuke kwamba Kismayu ilikuwa bandari kubwa ya makaa ya miti yaliyopelekwa nchi za Ghuba. Migunga ilikatwa kwa wingi, na mwaka 2012 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likapiga marufuku biashara hiyo.

Hasara ya kwanza ni ya mfukoni. Upepo haununuliwi, bali mafuta hununuliwa, nayo huletwa kwa meli kutoka nje. Vita vikizuka mbali na bei ikapanda, mvuvi wa Koyama hulipa ingawa hakuulizwa neno. Akirudi bila samaki, deni la mafuta liko pale pale.

Hasara ya pili ni ya hewa na bahari. Lita 1 ya dizeli ina uzito wa gramu 840 hivi, lakini ikiungua hutoa karibu kilo 2.6 za hewa ya ukaa, kwa kuwa ukaa uliomo huungana na oksijeni ya hewani. Kabla ya zama za viwanda, katika sehemu milioni 1 za hewa, hewa ya ukaa ilikuwa sehemu 280 hivi. Sasa imepita 420. Hewa hii huzuia joto lisitoke duniani. Mwaka 1998 Bahari ya Hindi ilipata joto kupita kiasi, na matumbawe mengi ya Afrika ya Mashariki yakageuka meupe na kufa. Samaki wa miambani hujificha na kula katika matumbawe. Yakifa, nao hupungua. Zaidi ya hayo maji ya bahari yanapanda, na visiwa hivi si vya milima.

Hasara ya tatu ni ugomvi. Mwaka 2014 Somalia ilipeleka kesi juu ya mpaka wa baharini na Kenya katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki. Hukumu ilitolewa tarehe 12 Oktoba 2021, na Kenya ikaikataa. Eneo hilo lina samaki, tena hudhaniwa lina mafuta na gesi. Yakichimbwa na kumwagika, watakaopata hasara kwanza ni wavuvi.

Kwa maoni yangu, si haki kumwambia Mbajuni atupe injini yake, kwani moshi mwingi haukutoka kwake. Lakini wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Vijana na wajifunze injini, wajifunze na tanga pia. Na umeme wa taa na barafu utafutwe katika jua na upepo, ambavyo pwani hii haikosi. Na siku mafuta ya baharini yatakapojadiliwa, wavuvi nao wapewe nafasi ya kusema.