Mzee Yuko Hai, Mirathi ya Nini?

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni kijana wa miaka 34, naishi Manyoni mjini na baba yangu mwenye miaka 77. Zamani alipiga gitaa la solo kwenye bendi za Tabora. Ana amplifaya kubwa ya Vox, ile ya kizamani yenye valvu za kioo, aliyoinunua mwaka 1974 kwa fedha za ng'ombe wanne. Iko chumbani kwake imefunikwa kitambaa, haijawashwa kwa miaka mingi. Nimepata mtu wa Dar kwa njia ya simu, anatoa laki sita taslimu na atakuja kuichukua Jumatano ya wiki ijayo. Siku hiyo nitakuwa nimempeleka Mzee Itigi kupima macho, dada atabaki kumfungulia mnunuzi mlango. Sitaki Mzee ajue mapema, maana ataanza tena mambo ya ile pikipiki. Je, laki sita ni bei ya haki? Na nifanyeje nisitapeliwe? – Kijana, Manyoni*

Marahaba mwanangu. Barua yako ilikuwa ndefu, nimeikata. Nimeacha habari za uzito wa boksi na za kitasa kilichovunjika, lakini sentensi ya Itigi nimeibakiza nzima kama ulivyoiandika, kwa sababu barua yote imo humo.

Mtu anayeuza kitu chake hapangi safari ya kumwondoa mwenye chumba. Wewe umepanga. Umechagua siku, umechagua hospitali, umechagua hata ugonjwa. Baba yako atapanda gari asubuhi akiamini mwanawe amemkumbuka. Atakaa kwenye benchi na kadi yake mkononi akisubiri kuitwa jina, na wakati huohuo watu wawili watakuwa wanaibeba amplifaya yake kupitia mlangoni. Jioni atarudi na dawa yake ya matone, ataingia chumbani, ataona sakafuni alama ya pembe nne pale palipokosa vumbi kwa miaka yote hiyo. Utamwambia nini? Kwamba macho yake hayaoni vizuri?

Na dada yako umemtia humo. Wewe utakuwa Itigi, mbali na mlango, yeye ndiye atakayesimama kizingitini akipokea noti. Likija kuulizwa, ataulizwa yeye kwanza. Huo si uungwana wa kaka.

Safu hii hupokea barua nyingi za namna hii. Leo ni amplifaya, jana ilikuwa kiwanja, juzi cherehani ya mama. Watoto wameanza kugawana mali za wazazi wanaokula nao ugali meza moja. Mirathi huja baada ya msiba, na hata hapo ina taratibu zake. Mzee akiwa anapumua, mali ni yake: aitumie, aifunike kitambaa, aitazame tu, au aiache ikae kimya hadi siku yake ya mwisho. Kwamba haijawashwa kwa miaka mingi hakumwondolei umiliki hata senti moja. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, nayo iko hivyo: asiyekuwa mwenye mali, wala hakutumwa na mwenye mali, kwa kawaida hawezi kumpa mnunuzi umiliki ambao yeye mwenyewe hana. Mzee akiidai, mtu wa Dar atakugeukia wewe.

Halafu, kijana, unajua baba yako alifanya jambo gani mwaka 1974? Nadhani hujawahi kumuuliza. Miaka ile muziki wa dansi Tanzania ulibebwa kwa kiasi kikubwa na mashirika. NUTA Jazz, iliyoanza mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Urafiki Jazz ilikuwa ya kiwanda cha nguo pale Ubungo. Polisi walikuwa na bendi yao, jeshi nalo hivyo hivyo. Mpiga gitaa alilipwa mshahara, lakini gitaa, spika na amplifaya vilikuwa vya mwajiri, na ukiacha kazi unaacha na vyombo. Penye bendi za watu binafsi, tajiri mwenye vyombo ndiye aliyekuwa na kauli. Hata Super Matimila, aliyovuma nayo Remmy Ongala, ilibeba jina la mfanyabiashara mwenye vyombo. Wapigaji hodari kabisa, ambao redio haikulala bila nyimbo zao, walihama bendi hii kwenda ile na begi la nguo tu. Kisha mwishoni mwa miaka ya 1970 fedha za kigeni zikaadimika, na kuagiza vyombo vipya kukawa kazi ngumu hata kwa wenye uwezo.

Katikati ya hali hiyo, mpiga solo mmoja anauza ng'ombe wanne na kununua amplifaya yake mwenyewe. Huko kwenu Manyoni ng'ombe wanne si fedha ya kuchezea. Ni mwanzo wa mahari, ni akiba ya mwaka wa njaa. Bila shaka wapo waliomwona amerukwa na akili. Yeye alikuwa ananunua uhuru wa kusimama jukwaani bila tajiri kumwambia shuka. Hicho ndicho kilichofunikwa kitambaa chumbani kwake, na wewe umekipangia laki sita.

Sasa tuje kwenye pikipiki. Hukueleza, na sina haja ya maelezo. Fedha ya Mzee ilitoka, pikipiki ikaja, pikipiki ikaondoka, fedha haikurudi, na mpaka leo hamjakaa chini mkalimaliza. Kila akiligusa wewe unatoka nje. Nimesoma pia kwamba katika barua yote hukusema laki sita ni ya nini. Ingekuwa ya ada au ya mgonjwa ungeiandika mstari wa kwanza. Nahisi kuna deni, na nahisi unaona aibu. Aibu hiyo ni ya heshima, mwanangu, inaonyesha bado unajali baba yako anakuonaje. Lakini unataka kuikimbia kwa kufanya jambo lingine kubwa zaidi la kuonea aibu. Pikipiki ilikuwa hasara, na hasara humpata kila mtu. Hili la Jumatano ni wizi.

Kwa hiyo leo jioni, Mzee akishakula, kaa naye. Anza na pikipiki mwenyewe, kabla hajaanza yeye. Taja kiasi. Taja na deni la sasa, unadaiwa na nani na kwa nini. Akisema maneno makali, yapokee ukiwa umekaa, usinyanyuke. Ukishamaliza hapo ndipo uulize habari za amplifaya, na uulize kama mtu anayeomba. Na Itigi mpeleke kweli, siku yoyote isiyo na mnunuzi, kwa maana mtu wa miaka 77 anahitaji kupimwa macho.

Akikubali kuuza, hapo sasa nakujibu ulichouliza. Laki sita ni ndogo mno. Mwambie atazame bamba la nyuma. Likiwa na jina la Jennings Musical Industries, Dartford, Kent, basi chombo hicho kilitengenezwa Uingereza katika miaka ya 1960 au kabla yake kidogo. Kama ni AC30, ile ya wati 30 yenye spika mbili za inchi 12, na imebaki na transfoma na spika zake za awali, wapenzi wa vyombo vya kale Ulaya na Marekani huweza kuilipia zaidi ya dola 2,000. Vox imetengeneza amplifaya kwa miongo mingi na katika nchi mbalimbali, kwa hiyo bamba hilo ndilo la kupiga picha kwanza, kisha sehemu ya nyuma yote. Msiipake rangi, msibadilishe kitambaa cha mbele, msikubali mtu anunue spika peke yake. Na msiichomeke kwenye umeme ili kumwonyesha mteja kwamba inanguruma: kapasita zilizolala miaka mingi huharibika na huweza kuiunguza transfoma. Fundi wa redio wa mtaani asiingize mkono ndani kwa kubahatisha, maana humo umeme wa volti mia kadhaa unaweza kubaki hata waya ukiwa umechomolewa. Tafuteni bei kwa wanunuzi zaidi ya mmoja. Hati ya mauziano iandikwe kwa jina la Mzee, asaini yeye mbele ya mashahidi, na fedha iingie mkononi mwake au kwenye simu yake. Akikukopesha humo, andikianeni.

Akikataa, ni haki yake, na usimsumbue mara ya pili. Deni utalilipa kwa jasho lako hata kama litachukua mwaka mzima.

Ila usisubiri jibu la Mzee kumpigia mtu wa Dar. Mpigie sasa hivi, kabla hujalikunja gazeti hili, umwambie Jumatano asije.