NDOTO NA USINGIZI: SOMO KWA WATU WA NYUMBANI

Sifa zote njema ni zake Mwenyezi Mungu, aliyewajaalia waja wake usiku wa kupumzikia na mchana wa kutafutia riziki. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Hakuna nyumba isiyokuwa na ndoto zake. Bibi aliyeondoka Unguja mwaka 1964, akaja kukaa Ibra, huota mpaka leo yumo katika nyumba ya mjini Malindi, na wanawe wangali wadogo. Mwanafunzi wa Nizwa huota ameingia katika chumba cha mtihani bila ya kalamu. Mzee wa Sur, ambaye miaka mingi hajapanda chombo, huota tanga linachanika na hakuna wa kumsaidia. Kukicha watu huulizana: Ndoto hii ina maana gani?

Suali hili lina pande mbili. Upande wa kwanza ni namna ndoto inavyotokea katika usingizi. Upande wa pili ni uzito unaostahiki kupewa ndoto baada ya mtu kuamka. Asiyeujua upande wa kwanza huogopa yasiyoogopwa, na asiyeujua wa pili huenda akawadhulumu watu kwa jambo aliloliona naye amelala.

1. Usingizi hwenda kwa zamu

Watu wa Dakhiliya na Sharqiya wanaijua hesabu ya maji ya falaji. Maji ya Falaj Daris pale Nizwa hayaachiwi kumwagika ovyo mashambani. Yana zamu zake, na zamu hupimwa kwa athar, nayo athar moja ni kiasi cha nusu saa. Usingizi nao una zamu. Zamu moja ya usingizi huchukua takriban dakika 90, yaani kama athar tatu, na mtu mzima hupitia zamu nne au tano kwa usiku mmoja.

Zamu huanza kwa usingizi mwepesi, kisha ukaja usingizi mzito ambao ni taabu kumwamsha mtu ndani yake. Baadaye usingizi hurudi kuwa mwepesi, kisha huingia hali ya ajabu: macho hwenda mbio chini ya kope, ubongo hufanya kazi karibu sawa na mtu aliye macho, na huku viungo vimelegea havina nguvu. Hali hii ilielezwa mwaka 1953 na Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago, Marekani. Waliwaamsha watu wakati macho yao yanakwenda mbio, na wengi wakasema kuwa walikuwa wakiota. Miaka michache baadaye Mfaransa Michel Jouvet, katika mji wa Lyon, alionyesha kwamba katika hali hiyo ubongo wenyewe ndio unaozifunga nguvu za viungo. Katika jambo hili mna hekima kubwa, kwani lau viungo visingefungwa, mwenye kuota kuwa anakimbia angeinuka akakimbia kweli na kujiumiza.

Watafiti waliofuata walibainisha kuwa mtu huweza kuota hata nje ya hali hiyo, lakini ndoto za hapo aghlabu huwa fupi, mfano wa fikra zinazopita. Ndoto ndefu zenye picha na visa ni za pale macho yanapokwenda mbio.

Na ijulikane kuwa zamu za usiku hazilingani. Mwanzo wa usiku usingizi mzito ndio mwingi. Kadiri alfajiri inavyokaribia, hali ya kuota hurefuka. Ndiyo maana anayesali Alfajiri kisha akarudi kulala huamka na ndoto nyingi za kusimulia. Wala asidhani mtu kuwa kuamka kwa Sala kunamharibia usingizi. Uchunguzi uliofanyika Riyadh mwaka 2012 uliwalinganisha wenye kulala moja kwa moja na wenye kuukata usingizi kwa Sala ya Alfajiri kisha wakaukamilisha, na haukuona kuwa hawa wa pili huzidi kusinzia mchana, maadamu jumla ya saa za usingizi ni moja.

Ama asemaye, "Mimi siotagi kabisa," kwa kawaida huota kama wenziwe, ila husahau. Ndoto hutoweka katika muda wa dakika chache, na anayeikumbuka ni yule aliyeamka ingali inaendelea.

2. Kwa nini mtu huota?

Katika suala hili wataalamu hawajawa na kauli moja. J. Allan Hobson na Robert McCarley walisema mwaka 1977 kwamba sehemu ya chini ya ubongo hutoa ishara zisizo na mpango, na sehemu ya juu huzishona zikawa kisa, kama mshoni aliyepewa vipande vya nguo za rangi mbalimbali. Wengine wanaona kuwa usingizi ni wakati wa kupanga kumbukumbu: la kuhifadhiwa huhifadhiwa na la kuachwa huachwa, na ndoto ni alama ya kazi hiyo. Wengine husema kuwa ndoto humsaidia mtu kuyazoea mambo yaliyomtia hofu au huzuni.

Wanachokubaliana wengi wao ni kuwa ndoto huchuma katika maisha ya mwenye kuota. Aliyezaliwa kipofu huota kwa sauti, harufu na mguso wa mkono. Aliyepoteza macho baada ya kufikia kiasi cha miaka saba aghlabu huendelea kuona picha katika ndoto zake, kwa sababu alikuwa na akiba ya mambo aliyoyaona. Sheikh Nuruddin Abdullah bin Humaid As-Salimi, aliyeishi Al-Qabil katika Sharqiya na kufariki Tanuf karibu na Nizwa mwaka 1914, alipofuka angali mdogo. Na wanafunzi wa elimu wanajua kuwa jambo hilo halikumzuia kuacha vitabu vikubwa vya fikihi na historia. Moyo wa binadamu hutumia alichokiweka ndani yake, awe macho au amelala. Basi bibi wa Ibra huiota nyumba ya Malindi kwa kuwa sehemu ya umri wake imebaki humo, wala si lazima kuwa nyumba hiyo inamwita.

3. Jinamizi

Miongoni mwa yanayowatisha watu ni jinamizi, ambalo Waarabu wa Oman huliita jathum. Mtu huamka akajiona hawezi kuinua mkono wala kutoa sauti, kifua kimeelemewa, na anahisi kuna kiumbe chumbani. Sababu yake inafahamika kutokana na yaliyotangulia: akili imeamka kabla ya viungo kufunguliwa. Hali hii huchukua sekunde au dakika chache, na huzidi kwa aliyekosa usingizi, kwa mwenye saa za kulala zisizo na utaratibu, na kwa anayelala chali.

Kutoijua hali hii kumewahi kuleta msiba. Mwaka 1995, kisiwani Pemba na kisha Unguja, ilienea hofu ya Popobawa. Watu walisema wanashambuliwa usiku wakiwa wamelala, hawawezi kujitikisa wala kupiga kelele. Familia ziliacha vyumba vyao zikalala nje, zimekaa pamoja kuzunguka moto. Waliochunguza habari hizo wameona kuwa mengi katika yaliyosimuliwa yanafanana sana na jinamizi. Katika fazaa hiyo kundi la watu lilimuua mtu mmoja mgonjwa wa akili, kwa kumdhania kuwa ndiye. Hofu ya usiku ilipita, lakini roho iliyotolewa haikurudi.

4. Neno la dini

Katika mafundisho ya Mtume (S.A.W.) ndoto ni za aina tatu: ndoto njema, ambayo ni bishara itokayo kwa Mwenyezi Mungu, ndoto ya kuhuzunisha, ambayo ni katika vitisho vya Shetani, na ndoto ya mambo ambayo mtu mwenyewe anayazungumza moyoni mwake. Aina hii ya tatu ndiyo waliyoizungumza wataalamu waliotajwa. Kwa hiyo Muislamu hana haja ya kuikataa elimu ya usingizi, wala elimu hiyo haimlazimishi kuikanusha bishara.

Sura ya Yusuf imekusanya ndoto yake alipokuwa mtoto, ndoto za wafungwa wawili na ndoto ya mfalme. Na jambo la kwanza alilolifanya Nabii Yaakub (A.S.) lilikuwa kumuusia mwanawe asiwasimulie ndugu zake. Basi adabu ni hizi: aliyeota jema amshukuru Mola wake, na amhadithie anayempenda tu. Aliyeota baya ajikinge kwa Mwenyezi Mungu, ateme mate kidogo kushotoni mara tatu, ageuke ubavu, na akiweza asimame asali. Wala asimsimulie mtu, na halitamdhuru. Na kuzua ndoto ambayo mtu hakuiota ni uwongo uliotiwa onyo kali.

Watu wengi hukimbilia vitabu vya tafsiri ya ndoto vinavyouzwa kwa jina la Ibn Sirin. Muhammad bin Sirin alikuwa mtu wa Basra, mchamungu, aliyefariki mwaka 110 Hijria. Aliishi mji mmoja na zama moja na Imamu Jabir bin Zaid, mwenyeji wa Firq karibu na Nizwa. Lakini wahakiki wamebainisha kuwa vitabu hivyo vimekusanywa na watu wa baadaye. Asivunje mtu safari wala asimwache mke kwa sababu ya ukurasa usiojulikana mwandishi wake.

5. Ndoto si ushahidi

Uchukuliwe mfano huu. Mzee amefariki Ibra, akaacha shamba la mitende na athar zake za maji ya falaji. Warithi wake ni wana wawili wa kiume na binti mmoja aliyeolewa Sur. Siku ya saba kaka mkubwa anaamka na kusema, "Nimemuota baba, ameniambia shamba ni langu." Huenda hasemi uwongo. Wiki nzima moyo wake umeshughulika na shamba, na usingizi umemrudishia alichoulisha.

Hata hivyo, sheria ya mirathi ilikamilika Mtume (S.A.W.) angali hai, wala haiongezwi kwa usingizi wa mtu. Yakishalipwa madeni na wasia halali, mali hiyo hugawiwa mafungu matano: kila mwana wa kiume mawili, na binti moja. Lau ndoto ingekuwa hoja, dada wa Sur angelipoteza fungu lake bila ya shahidi wala hati, na kesho yake ndugu wa pili naye angeota. Ndoto ya Nabii Ibrahim (A.S.) ilikuwa wahyi, na ndoto ya asiyekuwa Nabii si wahyi. Kadhi huuliza mashahidi waliokuwa macho.

Ikiwa ndoto imetaja deni, kwa mfano baba amesema anadaiwa na mtu wa Nizwa, hapo kuna nafasi ya kuchunguza. Sanduku la hati lifunguliwe, na mtu huyo aulizwe. Likithibiti deni, litalipwa kwa uthibitisho huo, na siyo kwa ndoto. Lisipothibiti, mrithi aliyebaleghe anaweza kutoa katika fungu lake kwa hiari yake, lakini fungu la yatima lisiguswe.

Hukumu hii hii inamhusu anayeota kuwa fulani amemroga mwanawe. Kumkatia jamaa udugu kwa ndoto ni kuvunja la wajibu kwa jambo la dhana.

6. Lililo juu ya mwenye kulala

Aliyelala hana dhambi kwa alichokiota, kwani kalamu imeondolewa kwake mpaka aamke. Lakini aliyeota akaona janaba ni wajibu aoge. Na akiwa katika mchana wa Ramadhani afanye haraka, kwa kuwa kwa madhehebu ya Kiibadhi kuchelewesha bila ya udhuru huiharibu saumu. Wazazi wawafundishe vijana jambo hili mapema na kwa upole, ili haya isiwapotezee ibada.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

1. Kwa nini ndoto huwa nyingi karibu na alfajiri?
2. Mtoto akiamka hawezi kujitikisa, mzazi amweleze nini?
3. Taja adabu nne za aliyeota ndoto mbaya.
4. Katika mfano wa shamba la Ibra, ni nani angedhulumiwa lau ndoto ingekubaliwa? Fungu lake ni kiasi gani?
5. Ni jambo gani ambalo ndoto inaweza kumhimiza mtu alichunguze, na ni jambo gani haiwezi kulihukumu?

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.