Minyororo Miwili kwa Mtu Mmoja

Wapendwa, somo la Jumapili hii ni zito, lakini tukilinyamazia tutazidi kuwapoteza watu wetu. Ni uhusiano kati ya uraibu wa dawa za kulevya na ngono isiyodhibitika.

Ubongo una kemikali iitwayo dopamini, inayotusukuma kurudia jambo lililotupa raha. Kokeini na methamfetamini huimwaga kupita kiasi, huamsha tamaa na kudhoofisha uwezo wa kujizuia. Mtu akizoea kutumia dawa pamoja na ngono, au picha za ngono kwenye simu, ubongo huvifunga pamoja. Baadaye kimoja huamsha kingine. Ndiyo maana ndugu huacha dawa miezi kadhaa, kisha huanguka. Dawa alizitupa, lakini usiku hurudi kwenye simu ile ile, na hamu ya dawa inamngoja pale.

Heroini ni tofauti: hupunguza hamu ya ngono. Anayeiacha hamu humrudia, na asipoandaliwa humtisha.

Je, kila anayeanguka ni mgonjwa? Hapana. Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika 2022, inalitambua tatizo hili pale mtu anaposhindwa kujizuia kwa miezi 6 au zaidi, huku afya, kazi na ndoa vikiharibika. Kuona hatia peke yake hakutoshi kumwita mtu mgonjwa. Basi tusichague kati ya toba na tiba. Anayezama anahitaji zote mbili.

Tufanye nini hapa Marekani?

1. Tumweleze daktari yote mawili, yatibiwe pamoja. Tuombe pia kipimo cha VVU na kaswende.

2. Tuombe mkalimani wa hospitali, ni bure. Tusimtumie mtoto. Baba gani atayasema haya mbele ya binti yake?

3. Tukizidiwa, hata usiku wa manane, tupige 988. Ni bure, na mkalimani hupatikana.

4. Ndugu akitufungulia moyo, tusimpeleke kwenye maongezi ya jikoni baada ya ibada. Aibu humrudisha gizani, na gizani ndiko minyororo ilikofungwa.

Swali la vikundi vya nyumbani: nani kati yetu anaweza kuaminiwa na siri ya namna hii?