Simu Inayojizima na Kujiwasha: Somo la Umeme na Uchunguzi

Tuchukue mfano wa ofisi moja katika Tarafa ya Kilimarondo, Wilaya ya Nachingwea, yenye simu ya intaneti mezani. Asubuhi moja simu hiyo yawaka, yaonyesha jina la kiwanda chake, kisha yazimika na kuanza tena. Hali hiyo yajirudia mchana kutwa. Fundi yuko mjini, na wananchi wanasubiri kuhudumiwa. Je, simu imekufa? Yawezekana ni nzima kabisa. Swali hili laweza kujibiwa kwa kanuni ambazo mwanafunzi wa sekondari anazifahamu.

Simu hufanyaje kazi?

Simu ya intaneti ni kompyuta ndogo. Huigeuza sauti kuwa tarakimu na kuipeleka katika mtandao. Iwashwapo, programu fupi ya mwanzo huamka na kuiita programu kuu kutoka katika kumbukumbu ya kudumu. Kisha simu huomba anwani katika mtandao, hupokea mipangilio yake, na mwisho hujiandikisha kwa seva ya simu.

Ndani yake mna pia saa ya ulinzi. Programu iliyo hai huirudisha saa hiyo mwanzo kila baada ya muda mfupi. Isiporudishwa, saa huamua kuwa programu imekwama, nayo huiwasha simu upya. Kwa hiyo kuanza upya kwenyewe ni dawa. Tarehe 20 Julai 1969, kompyuta ya chombo cha Apollo 11 ilizidiwa na kazi kilipokuwa kikiteremka mwezini. Ilijianzisha upya mara kadhaa, ikaacha kazi ndogo na kuendelea na kubwa, na chombo kikatua salama. Dawa hugeuka ugonjwa pale sababu ya kukwama inapobaki palepale.

Hesabu ya umeme

Simu nyingi za ofisini hupata umeme kupitia waya uleule wa mtandao. Kiwango cha kimataifa cha mwaka 2003 chataka chanzo kitoe volti zisizopungua 44. Waya usizidi mita 100, na ukinzani wake, kwenda na kurudi, usizidi omu 20. Mkondo ukiwa ampea 0.35, Kanuni ya Ohm yatupa:

Volti zinazopotea: 0.35 × 20 = 7
Volti zinazofika: 44 − 7 = 37
Nguvu inayotoka: 44 × 0.35 = wati 15.4
Nguvu inayofika: 37 × 0.35 = wati 12.95

Wati 2.45 hugeuka joto njiani. Sasa tuseme maungio ya waya yameota kutu, na ukinzani umeongezeka. Simu inapoanza hutumia mkondo mdogo, na volti zinatosha. Kioo kikiwaka na programu kuu ikianza, mkondo huongezeka, na volti zinazopotea huongezeka pia. Simu hupungukiwa, ikazimika. Ikizimika, mkondo hupungua, volti hupanda, na simu huanza tena. Ndiyo sababu apimaye volti wakati simu haijaunganishwa hudanganyika.

Hatua za uchunguzi

Badili jambo moja tu kwa wakati mmoja, na kuandika matokeo.

1. Pima muda wa mizunguko mitano. Simu ikizimika daima katika hatua ileile, shuku programu au mipangilio. Muda ukibadilika-badilika, shuku umeme au maungio. Hii ni dalili tu, si ushahidi, maana umeme hafifu nao huweza kuizima simu katika hatua ileile.

2. Tumia waya mfupi ulio mzima, karibu na chanzo. Simu ikitulia, kosa limo katika waya wa kwanza.

3. Weka simu nyingine ya aina ileile mahali pa ile mbovu. Nayo ikijizima, kosa haliko katika simu.

4. Kama simu inakubali adapta, soma maandishi yaliyo chini yake: volti zilingane, na ampea zisipungue. Kisha chomoa waya wa mtandao. Simu ikitulia kwa adapta peke yake, irudishie waya huo. Ikianza tena kujizima, kosa laelekea kuwa katika mtandao au mipangilio.

5. Mwisho kabisa, rudisha mipangilio ya kiwandani. Kwanza nakili mipangilio iliyopo, kwa kuwa itafutika. Programu inapobadilishwa, umeme usikatwe.

Tahadhari: usifungue adapta. Upande wake mmoja hupokea volti 230, nazo zaweza kuua.

Jaribio la darasani

Pima volti za betri kuukuu ya tochi. Unganisha balbu, kisha pima tena balbu ikiwa imeunganishwa. Rudia kwa betri mpya. Ni betri ipi iliyopoteza volti zaidi, na kwa nini?

Maswali

1. Ukinzani wa waya ukifika omu 40 na mkondo ukiwa ampea 0.35, ni volti ngapi zitakazofika kwenye simu kutoka chanzo cha volti 44?

2. Mtu amebadilisha waya na adapta kwa pamoja, na simu ikapona. Ni jambo gani ambalo bado halijui?