Moshi wa barabarani: Tuchague vyema kiwanja cha madrasa

Kila sifa njema anastahiki Allah (SW), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW).

Ndugu msomaji, tunapochangishana kununua kiwanja cha madrasa, wengi hupendelea kilicho kando ya barabara kuu ili paonekane na pafikike kwa urahisi. Kiafya, hapo panahitaji tahadhari.

Moshi wa magari, hasa ya dizeli, una chembechembe ndogo mno, nyembamba mara 30 na zaidi kuliko unywele. Hizi hazizuiwi na pua wala koo, bali hushuka hadi ndani ya mapafu, na nyingine huingia kwenye damu. Huzidisha pumu na nimonia kwa watoto. Kwa watu wazima huchangia maradhi ya moyo na kiharusi. Mtoto hudhurika zaidi kwa kuwa hupumua haraka na kimo chake kinakaribia bomba la moshi.

Umbali ni kinga

Moshi huu huwa mwingi kando ya barabara, na kufikia mita 200 au 300 huwa umepungua sana. Lakini nyumba zikibanana, kama ilivyo Manzese, Dar es Salaam, kandokando ya Barabara ya Morogoro, hewa hukosa pa kupita. Moshi wa magari hukutana na wa mkaa na wa taka zinazochomwa uchochoroni.

Wanavyuoni walishaliona

Ibn al-Rami, fundi mkuu wa ujenzi wa Tunis katika karne ya 14, aliandika kitabu cha hukumu za majengo kwa madhehebu ya Maliki. Humo moshi wa mahamamu na matanuri umejadiliwa kuwa ni madhara kwa jirani. Basi kupanga mji vizuri ni katika kuchunga haki za jirani.

Tufanye nini?

1. Kiwanja kiwe mtaa wa nyuma. Kama jengo limeshasimama barabarani, watoto wasomee vyumba vya nyuma. Stoo na ofisi ziwe mbele.

2. Tazameni upepo. Jalala au tanuri likiwa kusini mwenu, moshi wake utawajia msimu wa kusi. Likiwa kaskazini, utakuja na kaskazi.

3. Hudhurieni mkutano wa mtaa viwanja vinapojadiliwa. Eneo la wazi likishauzwa na kujengwa, kulirudisha ni vigumu.

Wabillahi tawfiq.