Hadithi za Mashabiki Zisomwapo kwa Sauti

Mashabiki wa kitabu au filamu hupenda kutunga hadithi mpya juu ya wahusika wale wale. Hazina yao mashuhuri katika intaneti, Archive of Our Own, ilifunguliwa kwa umma mwaka 2009, ikapata Tuzo ya Hugo mwaka 2019. Wengine huzisoma hadithi hizo kwa sauti, wakajirekodi nyumbani na kuzigawa bure, kwa desturi baada ya kupata idhini ya mtungaji.

Je, mwalimu ajifunze nini? Msomaji huyu si mtangazaji. Pengine hukosea au hukohoa; lakini anaipenda hadithi, na msikilizaji huuhisi upendo huo. Hapo ndipo tuonapo somo. Mwanafunzi asomaye kwa kusitasita mara nyingi hunyamazishwa na masahihisho ya kila neno. Basi tumwache achague hadithi ya mwenzake, aombe ruhusa, airekodi faraghani, airudie mpaka aridhike. Kisha darasa lisikilize. Tuulize: sauti imemwongezea mhusika nini? Masahihisho ya matamshi na yangoje. Asikilizwaye leo, kesho atataka kusoma tena.