Kupanga: Tujifunze kwa Nyangumi

Tumezoea kupanga mambo ya mbuzi na visima. Safari hii hebu tuangalie aina moja ya nyangumi wa bahari ya Atlantiki, kando ya Marekani na Kanada. Wamebaki karibu 380 tu.

Kuwawinda kulikatazwa tangu miaka ya 1930, na bado wanakufa. Kwa nini? Mizoga ikachunguzwa. Kumbe wengine wamegongwa na meli, wengine wamenaswa na kamba za mitego ya kaa na kambakoche! Basi Kanada ikasogeza njia ya meli mwaka wa 2003, na mwaka wa 2008 Marekani ikaamuru meli kubwa zipunguze mwendo majira nyangumi wanapopita.

Hapo tungesema kazi imekwisha. Lakini nyangumi wakafuata chakula kaskazini, kwenye ghuba ya St. Lawrence, ambako masharti hayo hayakuwako. Mwaka wa 2017 walikufa 17, wengi wao huko huko. Ikabidi Kanada ipange upya.

Kamba ndizo ngumu, maana mvuvi naye ana watoto wa kulisha. Mitego isiyoachwa na kamba majini inajaribiwa, ila bei yake ni kali.

Jadilini: mvuvi huyu aitwe mkutanoni kabla mpango haujaandikwa, au baadaye?